Meza Haiachiwi Pono

Mimi naitwa Chewa, na kabla hujacheka nikwambie kwamba sikujiita. Chewa ni samaki mwenye mdomo mkubwa, anameza hata kisichomezeka, na siku ya kwanza nilipoingia ukumbi wa kupara samaki nilimwambia mnadi mbele za watu kwamba kelele zake zinawaozesha samaki kabla jua halijawafikia. Basi, jina likaniangukia. Sokoni kwetu ndivyo ilivyo, hakuna anayeitwa jina alilopewa na mama yake. Ukishika kisu wanakutazama kwanza, kisha mtu mmoja anatamka jina la samaki, ukumbi mzima unacheka, na kuanzia hapo ni hilohilo mpaka unazikwa. Ukikasirika ndiyo unalipigilia msumari.

Huyu ninayetaka kumsema tulimwita Pono. Kuna watu hawajawahi kumwona samaki pono hata kwenye picha, lakini jina lake wanalo mdomoni: fulani kalala kama pono. Mimi nampara kila siku. Ni samaki mzuri, kijani na buluu, magamba mapana, mdomo mgumu kama wa kasuku. Mchana kutwa anatafuna matumbawe. Giza likiingia anajichomeka kwenye mwamba, anajifunika ute wake mwenyewe, analala. Analala kweli, si mchezo. Wapiga mbizi wanammulika tochi, wananyoosha mkono, wanamwokota tu. Kwa hiyo jina lake kwa watu halina uhusiano na rangi yake wala na nyama yake laini. Maana yake ni mjinga anayelala huku mkono wa mtu uko mgongoni kwake.

Sasa nisikilize vizuri, maana kisa hiki nimekisimulia mara nyingi na kila mara naambiwa natia chumvi.

Pono alipoletwa sokoni alikuwa bibi harusi wa juzi tu. Mumewe ni mpasua barafu, kijana mpole wa kupitiliza, wa kucheka kila wenzake wanapocheka hata kama anayechekwa ni yeye. Mama mkwe, Bi Mkubwa, ndiye aliyekuwa na meza, tena meza ya karibu na bomba la maji. Kama hujui thamani ya meza ya karibu na bomba, njoo upare samaki mwisho wa ukumbi, kila ndoo uibebe mwenyewe, halafu jioni uniambie mgongo wako uko upande gani. Mwenye meza ni mtu. Asiye na meza anapara kwa wenzake, anapewa vichwa na matumbo, na anasema asante.

Na meza zetu haziandikwi popote. Mwenyewe akichoka anakuja mbele ya ukumbi, anaweka kisu chake mkononi mwa anayemrithisha, sote tunaona, imekwisha. Lakini meza ikikaa tupu siku mbili tatu bila mtu wa nyumba ile, mwenye njaa zaidi anaichukua, na hakuna wa kumgombeza.

Yule binti alikuwa na mkono, jamani. Alikuwa anampara changu bila gamba moja kumrukia mteja. Tulikaa muda bila kumpa jina kwa sababu hatukupata pa kumshikia. Tulimwita mke wa mpasua barafu, basi. Bi Mkubwa alikuwa anamsifu kwa wateja, "Mkwe wangu huyu ana mikono, mpe samaki wako ulale usingizi," na kila akisema hivyo Tasi ananuna mpaka mdomo unafika kidevuni. Tasi ni binti wa Bi Mkubwa, wifi wa huyo mwali. Samaki tasi ni mdogo, lakini ukimshika vibaya anakuchoma miiba na mkono unavimba. Sikumpa mimi jina lile, ila aliyempa alikuwa na macho.

Mambo yaliharibika siku Bi Mkubwa alipoteleza. Mtu kamwaga matumbo ya samaki sakafuni na hakuyasafisha, Bi Mkubwa akakanyaga, akaenda chini mzima mzima, nyonga ikavunjika. Hospitali walifanya walichoweza. Akarudi nyumbani, akawekwa kitandani chumba cha nyuma, na hakuinuka tena kwa miguu yake.

Nyumba tuliyopanga ni moja. Chumba changu na chumba kile cha nyuma vinatenganishwa na ukuta usiofika darini, kwa hiyo mimi najua wanakula nini, wanagombania nini na nani anakohoa. Usije ukaniambia nilikuwa nasikiliza. Masikio hayana mlango.

Nani amuuguze? Mwana wa kiume usiku yuko kiwanda cha barafu. Binti, yaani Tasi, akasema yeye ana kichwa kinachouma asipolala. Basi mwali akatandikiwa godoro sakafuni, kando ya kitanda cha mama mkwe, na Bi Mkubwa akapewa kikombe cha bati cha kugonga ukutani akiwa na shida. Lo! Huyo mama na kikombe chake! Alikuwa na maumivu, sikatai, lakini alikuwa na ubaya pia, na maumivu yaliupa ruhusa. Nigeuze. Si hivyo, unataka kunimalizia? Lete maji. Haya ya baridi anywe nani? Fungua dirisha. Funga, mbu. Mwali akishusha tu kichwa kwenye mto, ngo! ngo! ngo! Usiku kucha. Na chumba cha pili Tasi anakoroma mpaka bati la paa linaitikia.

Kukicha, Bi Mkubwa analala. Mwali anachukua kisu anakuja sokoni.

Mtu anaweza kwenda hivyo kwa muda, halafu mwili unadai chake. Siku hiyo walikuwa wameshushwa pono watupu, wamejaa meza nzima. Mwali alikuwa anawapasua haraka, maana tumbo la pono lisipotolewa mapema nyama yote inanuka. Mimi niko meza ya pili kutoka kwake, namwona. Kisu kikapungua mwendo. Kikasimama. Kisha paji la uso likashuka taratibu mpaka likatua juu ya samaki, na akalala vilevile amesimama, kisu mkononi.

Kama Tasi angekuwa binadamu angemgusa bega. Tasi akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha, akaanza kumbandika magamba shavuni, moja baada ya jingine, kwa subira ambayo sijawahi kuiona akiitumia kwenye kazi. Alipomaliza upande mmoja wa uso akapaza sauti.

"Njooni muone! Pono kamlalia pono mwenzake!"

Ukumbi ukapasuka. Wachukuzi wakaja, mnadi akaja, wateja wakaja. Mimi nilicheka pia, nani asingecheka? Yule akashtuka, magamba yanametameta shavuni, anatutazama hajui yuko wapi. Na mumewe, aliyekuwa anapita na toroli la barafu, akasimama, akamwona mkewe vile, akacheka na wenzake.

Kuanzia siku hiyo hakuwa mke wa mtu tena. Alikuwa Pono. Salamu yake ikawa "Umeamka?" asubuhi, mchana, hata akiwa anakimbia na ndoo mbili. Walimfunga mkanda wa aproni kwenye mguu wa meza, akigeuka anaanguka. Walimtumbukizia vipande vya barafu mgongoni. Wateja wakaanza kumruka: "Mimi samaki wangu asiwashike Pono, atanilalia." Na yeye aliyekuwa anasifiwa mikono akawa anasimama pembeni, anasugua meza.

Lililoniudhi ni kwamba aliitikia. Nikamwambia siku moja pale bombani, "Mdogo wangu, nyamaza wakikuita hivyo. Wakiona huitiki watachoka."

"Dada Chewa," akasema, "nikinyamaza watasema nimelala."

Nikachukua ndoo yangu, mimi Chewa, nikaondoka.

Hata nyumbani jina lilihamia. Bi Mkubwa alilipenda kuliko dawa zake. "Pono! We Pono!" na kikombe, ngo! ngo! Mumewe akalitumia kwa utani, halafu bila utani. Wakapata mtoto wa kike, na huyo mtoto, Mungu anisamehe, neno lake la kwanza halikuwa mama. Alimnyooshea mama yake kidole akiwa mgongoni kwa shangazi yake Tasi, akasema, "Pono." Tasi alicheka mpaka akakaa chini. Alimbeba mtoto akampitisha meza kwa meza, aseme tena.

Utauliza alivumilia kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya meza. Bi Mkubwa alimwahidi, na nilisikia kwa masikio yangu haya, ilikuwa jioni, Pono anamsugua miguu.

"Niuguze, mwanangu," alisema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa asali. "Tasi hawezi kazi, namjua, nilimzaa mwenyewe. Ukiniuguza vizuri, meza ni yako. Nitabebwa nije nikukabidhi kisu mbele ya watu wote."

"Kweli, mama?"

"Mimi nadanganya? Nigeuze huku."

Kumbe ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini yule aliishika ahadi ile kwa mikono yote miwili. Alikuwa ananiambia mipango yake tukitoka sokoni. Akipata meza atapanga chumba chake na mtoto, mume akitaka kufuata afuate. Wateja wakimuona kwenye meza yake watamkumbuka mkono wake. Na hakuna anayemfanyia utani wa barafu mwenye meza, hilo hata mimi nalijua. Akinisimulia alikuwa macho kabisa, hata hasinzii. Meza ile ndiyo ilikuwa pumzi yake, na kila mtu mle ndani alijua, Tasi akiwa wa kwanza.

Siku ikafika. Bi Mkubwa akaletwa sokoni juu ya kiti, amebebwa na wachukuzi, amejifunika kitambaa kipya, amepakwa mafuta uso unang'aa. Aliyempaka ni Pono. Aliyemvisha ni Pono. Pono mwenyewe alikuwa kafua aproni mpaka imekuwa nyeupe, kitu ambacho sokoni kwetu ni kujitafutia mikosi. Tukaacha visu. Ukumbi ukatulia, maji ya bomba tu yanasikika.

Bi Mkubwa akatoa kisu chake, kile cha mpini wa pembe, kilichokuwa chembamba kwa kunolewa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Alijua kutuweka roho juu, yule mama. Pono akapiga hatua mbele na akanyoosha mkono.

"Wewe unataka nini?" Bi Mkubwa akamuuliza.

Pono akabaki na mkono wake hewani.

"Tasi, njoo mwanangu. Chukua." Akamwekea binti yake kisu kiganjani, akakikunja kiganja kwa mkono wake. Kisha akageukia ukumbi, akatabasamu. "Jamani, nyinyi wenyewe mashahidi. Meza haiachiwi pono."

Unadhani watu walimwonea huruma? Thubutu! Walicheka. Mnadi alipiga makofi. Pono akasema, kwa sauti ambayo ilibidi tunyamaze tuisikie, "Mama, nalala mchana kwa sababu yako. Usiku silali."

"Nani alikuona?" Bi Mkubwa akasema.

Nikasema mimi. Nilisema kwa nguvu. "Mimi nasikia, Bi Mkubwa! Kila usiku, kikombe chako kinaniamsha hata mimi! Binti yako hajawahi kukupa hata tone la maji!"

"Chewa, funga mdomo nzi wasiingie," akasema, na ukumbi ukacheka upya, safari hii nikichekwa mimi. Nilikasirika. Nilitaka kurusha kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa pweza wa mteja. Mpasua barafu alikuwa pale karibu na mlango. Nilimtazama. Aliinamisha uso, akasukuma toroli lake akaenda zake.

Jioni ile nilimwambia Pono aondoke. "Chukua mtoto wako, nenda. Huna deni hapa."

"Niende wapi, dada? Nikapare kwa nani? Wote wanajua jina langu."

Akarudi kwenye godoro lake. Tasi sasa alikuwa na meza, na la kwanza alilofanya ni kumkataza Pono kusimama hapo baada ya saa za asubuhi. Amsaidie kazi nzito wateja wanapojaa, kisha arudi nyumbani akamuuguze mama. Vichwa alimpa, tena vile vya jana. Na usiku kikombe kiligongwa kama kawaida, pengine zaidi, maana Bi Mkubwa sasa hakuwa na haja ya kutia asali kwenye sauti.

Sikumsikia Pono akilia. Ningesikia.

Sasa ile alasiri. Samaki walikuwa wachache siku hiyo, nikamaliza mapema nikarudi nyumbani kuloweka nguo. Tasi yuko sokoni, mpasua barafu yuko sokoni, mtoto anacheza uani na watoto wa jirani. Nikiwa nimeinamia beseni nikasikia Bi Mkubwa anaita.

"Pono!"

Sikujali. Anaita kutwa.

"Pono! Pono we!"

Kikombe, ngo. Mara moja tu. Kisha nikakisikia kinaanguka na kubingirika sakafuni. Nikasema moyoni, leo kakitupa, basi. Nikaendelea kusugua kola.

"We mwanamke!" Sauti ilikuwa nzito, kama ana kitu mdomoni. "Mkono wangu... Pono, njoo, mkono wangu siusikii."

Hapo nikanyanyua kichwa, lakini bado nilijua Pono yumo ndani; nilimwona akiingia. Nikangoja nisikie godoro likiguna, nisikie miguu. Kimya.

"Mke wa mwanangu," Bi Mkubwa akasema. "Mwanangu. Nakuomba."

Halafu akamwita jina lake. Jina lake lile la kwao, la kuzaliwa. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na hata nilipolisikia ilichukua muda nijue anayeitwa ni nani. Bi Mkubwa kumwita yule kwa jina lake ilikuwa ni dalili kwamba dunia inakwisha mle ndani. Niliacha nguo nikakimbia.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nikapiga, nikapiga, "Fungua! We Pono, fungua!" Hakuna. Juu ya mlango kuna kidirisha cha kioo cha kupitishia hewa. Nikageuza ndoo, nikapanda, nikachungulia.

Bi Mkubwa alikuwa nusu kitandani, nusu nje. Mkono mmoja unaning'inia. Mdomo umekwenda upande, anatoa sauti lakini si maneno tena. Macho yamemtoka, anatazama chini, kwenye godoro.

Na godoroni Pono alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho yake wazi. Wazi kabisa! Anatazama dari. Sikukosea, mimi si kipofu, jua lilikuwa linaingia dirishani mpaka miguuni kwake. Nikapiga kioo kwa ngumi. Akageuza kichwa polepole, akaniona. Tukatazamana. Kisha akafumba macho, bila haraka, kama mtu anayefunga duka lake jioni.

Nilipiga ukelele ambao seremala wa mtaa wa pili alisema aliusikia juu ya msumeno wake. Alikuja na mtaimbo, akang'oa komeo. Tukaingia watu watano sita tunapiga kelele, na Pono bado amefumba macho. Seremala ilibidi amtikise bega. Akaamka, akapangusa macho, akapiga miayo. Akauliza, "Kuna nini?"

Salale! Nimeona mengi sokoni. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Bi Mkubwa hakufa. Daktari alisema ni kiharusi, kilianza kidogo kidogo, na kama angefikishwa mapema pengine ulimi ungebaki. Alirudi nyumbani na upande mmoja umekufa na mdomo hautoi neno hata moja. Masikio mazima, macho mazima, akili nzima. Kusema tu, hapana.

Ndugu wakakutana nyumbani kulijadili. Mkuu wa kikao alikuwa mjomba wao, kaka wa Bi Mkubwa, dereva mstaafu wa malori, mtu wa kukata maneno haraka apate kwenda kula. Bi Mkubwa wamemkalisha kwenye kiti na mito, anasikia yote. Mimi nilijiingiza bila kualikwa.

"Alikuwa macho," nikasema. "Mjomba, mimi nilimwona. Mama yenu anaita, anaomba, na huyu yuko macho anatazama dari!"

"Nani huyu?" mjomba akauliza.

"Chewa, wa chumba cha jirani," mpasua barafu akasema. "Msimjali, mjomba. Ndivyo alivyo. Mke wangu alikuwa amelala tu. Hata ukimpigia ngoma sikioni haamki, soko zima linajua, ndiyo maana anaitwa Pono."

Watu wakaguna kukubali. Wengine wakatabasamu. Bi Mkubwa akaanza kutoa sauti, "Aa! Aaa!" na mkono wake mzima unapiga mto, unamwonyesha Pono, unanionyesha mimi. Akatokwa na machozi. Mjomba akamwambia atulie, wasije wakampandisha presha. Pono akaenda akampangusa mate kwa pembe ya kitambaa, taratibu, kwa upole kabisa. Bi Mkubwa akajivuta nyuma kwenye kiti kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Unaona anavyomhitaji," Tasi akasema. "Basi wifi aendelee kumuuguza, mimi nina meza."

Ndipo Pono aliposema. Alipiga magoti mbele ya mjomba, akainamisha kichwa.

"Mjomba, mimi nalala sana. Nimejitahidi, siwezi. Mama ameita nisisikie. Siku nyingine itakuwaje? Akisakamwa na chakula, mimi nimelala?"

Mjomba akawatazama, mmoja mmoja. "Kwani mlimwachiaje mgonjwa mtu wa namna hii?" akasema kwa ukali. "Mnamwita wenyewe pono, halafu mnamkabidhi mama yenu! Mgonjwa haachiwi pono. Mgonjwa ataangaliwa na binti yake."

"Na meza, mjomba?" Tasi akaruka. "Meza ikikaa tupu wataichukua!"

"Si huyu anajua kupara?"

"Anajua," mpasua barafu akasema.

"Basi asimame yeye. Samaki akilaliwa hafi mara ya pili." Kikao kikacheka. Mjomba akauliza chakula kimefika wapi.

Tasi alilia, akapiga miguu, akatukana, yote bure. Kesho yake asubuhi alimkabidhi Pono kisu cha mpini wa pembe mbele ya ukumbi, uso umemvimba. Godoro la sakafuni sasa ni la Tasi. Nasikia kila kitu. Mama hawezi kuita wala kushika kikombe vizuri, ila ana "aaa" yake, na anaitumia usiku kucha. Asubuhi Tasi anakuja kuchukua vichwa vya samaki pale mezani, macho mekundu, anasimama kungoja apewe.

Na Pono anapara. Analala vizuri usiku, chumba chake mwenyewe, yeye na mtoto wake. Mkono umerudi, umepita hata ule wa zamani, wateja wanapanga foleni mpaka bombani. Jina hawajaliacha, na sasa wanalisema kwa heshima, "Pono, mama, nitazame na mimi." Ninaposema nilichokiona wananiambia Chewa, domo lako litakuponza.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nilimngoja wateja wapungue, nikaenda nikasimama mbele ya meza yake. Alikuwa anampasua pono, mkubwa, wa buluu.

"Niambie mimi," nikasema. "Sitamwambia mtu, na hata nikimwambia nani ataniamini? Ulimsikia?"

"Tangu mara ya kwanza," akasema. Hakuacha kazi.

"Alikuomba."

"Nilisikia."

"Alikuita jina lako! Mdogo wangu, yule mama alikuita jina lako, na bado hukuinuka?"

Kisu kikasimama. Akanitazama, na sikuona chuki usoni kwake, wala majuto. Niliona mtu aliyechoka.

"Aliliita mara moja tu," akasema. "Nilikuwa nangoja aliite tena."

Kisha akamgeukia mteja aliyefuata, akamuuliza vichwa anabeba au anaviacha.